Mtoto Asiyesikia

Lugha yetu ina neno moja linalofanyishwa kazi kuliko punda wa mchukuzi. Neno hilo ni kusikia. Sikio husikia sauti, hilo kila mtu analijua. Lakini pua nayo husikia harufu, ulimi husikia ladha, ngozi husikia baridi, tumbo husikia njaa, na mguu uliochomwa na mwiba husikia maumivu. Ukiliacha jicho, ambalo limejitwalia kitenzi chake cha kuona (na hata hilo huingilia kazi za wenzake, maana wapo wasemao kwamba wanaona njaa), milango yote ya fahamu imepanga katika nyumba moja. Kisha neno hilo hilo hutoka katika mwili likaingia katika tabia. Mtoto mwenye adabu tunamwita msikivu. Mtoto mtundu tunasema hasikii. Na tunapoambiana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hakuna anayedhani kuwa huyo aliyevunjika alikuwa kiziwi.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni uvivu wa lugha, kwamba imekosa maneno ya kutosha ikaamua kulitumia moja mara saba. Mimi naona ni hekima, ila ni hekima yenye hatari ndani yake. Hekima yake ni kutukumbusha kwamba utii huanzia mwilini. Kabla mtoto hajalitii neno lazima limfikie, na kabla halijamfikia lazima lipenye katikati ya mambo mengine yote yanayomgongea mlango kwa wakati ule ule. Hatari yake ni kwamba neno lenyewe huturahisishia kumgeuza mtoto ambaye hakuweza kusikia awe mtoto ambaye hakutaka kusikia, bila hata sisi kubadili kitenzi.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: ni lini tuna haki ya kumlaumu mtoto kwa kutosikia? Si swali la vitabuni tu. Mwaka 2023 liliingia sebuleni kwa dada yangu, huku Tanga, likiwa na miguu miwili na umri wa miaka 7.

Ni mjukuu wa dada yangu, mtoto wa mwanawe wa pili. Alikuwa darasa la pili. Shule yake, ambayo haina haja ya kutajwa, ilikuwa imeleta barua ya tatu katika muhula mmoja: mtoto hasikii, hakai kitini, hamalizi kazi, anawasumbua wenzake, ni mkaidi. Basi kikaitwa kikao cha ukoo. Baba yake mkubwa, ambaye ni mtu wa pesa kidogo na wa maneno makali kidogo, lakini si mtu mbaya, alikuwa tayari kulipa ada ya shule moja ya bweni inayosifika kwa kunyoosha watoto. Sote tulielewa maana ya kunyoosha. Mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mimi niliitwa kwa sababu nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na katika familia zetu mwalimu mstaafu huhesabiwa kuwa hakimu wa mambo yote yanayohusu watoto, hata yale ambayo hakusomea.

Baba mkubwa alisema, "Mjomba, samaki mkunje angali mbichi. Huyu tukimwacha mwaka mmoja tu, hakunjiki tena."

Mama yake alipopewa nafasi alisema maneno machache. "Mjomba, mtoto huyu si mkaidi. Mtoto huyu anachoka."

Nilikuwa na siku kumi za kufikiri kabla ya kikao cha pili, nami nikazitumia kumtazama yule mtoto. Shati la shule alikuwa akilivua kila alipofika mlangoni, na shingoni, pale penye kitambulisho cha nguo, palikuwa pekundu kwa kujikuna. Mvua ikipiga mabati aliziba masikio na kuimba kwa nguvu ili aifunike kwa sauti yake mwenyewe. Ukimwambia, "Nenda uani, chukua ile ndoo ndogo, mpe dada yako, kisha njoo," alikwenda uani akabaki huko akiitazama ndoo, kana kwamba maneno yaliyobaki yamemdondoka njiani. Alijigonga kwenye milango. Alijitupa sakafuni makusudi, akacheka. Hayo yote ni kweli, na mwalimu aliyeyaandika hakusema uongo. Lakini saa mbili usiku, redio ikiwa imezimwa na wadogo zake wamelala, mtoto yule yule alikaa na babu yake mbele ya bao karibu saa nzima, akahesabu kete kwa vidole, akarudi nyuma kuhesabu upya, akangoja zamu yake. Ukaidi wa namna gani huu, ambao unakwenda kulala saa mbili usiku?

Hapa inanibidi nieleze mambo mawili kama ninavyoyaelewa.

La kwanza ni habari ya milango ya fahamu. Tumezoea kuihesabu mitano, lakini ipo mingine ambayo haionekani usoni. Uko mmoja ndani kabisa ya sikio unaopima mizani ya mwili, ndio unaokujulisha kuwa umeinama au unazunguka. Uko mwingine katika misuli na maungio, ndio unaokuambia mkono wako uko wapi hata gizani. Na uko unaoleta habari za ndani, kama njaa, kiu na haja. Yote hii hupeleka habari kwenye ubongo bila kupumzika, na kazi ya kwanza ya ubongo katika habari hizo ni kuzitupa nyingi. Wewe unayesoma hapa hukuwa ukilisikia shati lako mgongoni mpaka nilipolitaja. Ubongo wako ulikwisha kulitoa katika orodha ya mambo ya kushughulikia. Watu hawalingani katika kazi hii ya kutupa. Kuna ambao kidogo tu huwa kingi kwao, na kuna ambao kingi huwa kidogo, ndio hao wanaokwenda kujigonga na kujizungusha wapate walau kuusikia mwili wao. Tena mtoto mmoja aweza kuwa mwepesi katika mlango mmoja na mzito katika mwingine, kama huyu wetu, ambaye uzi wa shingoni humwasha kama upupu lakini goti likichubuka hana habari.

La pili ni usimamizi. Nyuma ya paji la uso iko sehemu ya ubongo ambayo kazi yake si kupokea wala kutenda, bali kusimamia. Wataalamu huzigawa kazi zake kuu katika tatu: kulishika jambo akilini wakati unalifanyia kazi, kujizuia usifanye lile linalokujia kwanza, na kugeuza fikra kutoka kanuni moja kwenda nyingine mambo yanapobadilika. Ule mfano wa ndoo ni wa kazi ya kwanza. Kungoja zamu ni ya pili. Kuacha hesabu za kujumlisha na kuingia za kutoa katika ukurasa ule ule ni ya tatu. Sehemu hii ndiyo huchelewa kukomaa kuliko karibu zote, huendelea kujengeka mpaka mtu apitishe miaka 20. Kwa mtoto wa miaka 7 bado nyumba haijaezekwa.

Sasa yaunganishe mawili hayo. Fikiria ofisi yenye bawabu mlangoni na msimamizi ndani. Bawabu akiwa na utambuzi, anawarudisha wasio na shughuli, na msimamizi anapata nafasi ya kukaa na faili lake. Bawabu akimruhusu kila mtu, wauza karanga, waliopotea njia na wadai wa jirani, msimamizi atashinda akiwafukuza watu mmoja mmoja, na jioni faili liko pale pale. Ukija wewe mkuu wake saa tisa ukamkuta hajafanya kitu, utamwita mvivu, kumbe hakuna aliyefanya kazi siku ile kama yeye. Hili ndilo nililolielewa katika lile neno la mama, anachoka. Kila mfano hata hivyo una mpaka wake. Katika ubongo msimamizi naye humtumia bawabu maagizo, leo mruhusu fulani, leo usimruhusu fulani, na ndiyo maana mtu anayesoma kitabu kitamu aweza kuitwa mara tatu asiitike. Hivyo msimamizi dhaifu humfanya bawabu kuwa ovyo, na bawabu wa ovyo humchosha msimamizi. Watoto wenye shida ya kutulia na kukaza fikra, na wale wenye usonji, mara nyingi huwa na mambo yote mawili kwa pamoja. Ila kuviona vitu viwili vikiongozana njiani si kujua ni kipi kinachomvuta mwenzake.

Aliyewafungua watu macho katika upande wa kwanza alikuwa mama mmoja wa California, Jean Ayres, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 1988. Kazi yake ilikuwa tiba kwa vitendo, ile ya kuwarudishia watu uwezo wa kufanya shughuli zao za kila siku. Mwaka 1972 alitoa kitabu kinachohusisha shida za kujifunza na namna ubongo unavyoziunganisha habari za milango ya fahamu. Tiba yake ilijaa bembea, machela ya kuning'inia, na mizigo ya kusukuma. Nilipoyasoma hayo nilicheka kidogo, maana niliona watoto wa huko wanalipiwa fedha ili wafanye yale ambayo watoto wa kwetu hufanya bure: kutwanga, kubeba ndoo kichwani, kupanda mwembe. Si kwamba kwetu shida hii haipo. Ila huenda tuliwahi kuwa na dawa bila kujua kwamba ni dawa, na sasa tunaiondoa, kwa kuwafungia watoto wa mjini ndani ya kuta nne na ua wa hatua sita.

Niseme pia kwamba si madaktari wote wanaokubali. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiitumie shida ya milango ya fahamu kama jina la ugonjwa unaojitegemea, kwa kuwa haijathibitika kuwa ni ugonjwa wa peke yake. Kitabu kikuu cha madaktari wa akili wa nchi hiyo, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, kiliziingiza shida hizi miongoni mwa dalili za usonji, lakini hakikuzipa jina lao wenyewe. Nayataja haya kwa sababu katika kikao chetu shangazi mmoja aliyekuwa amesoma mambo kwenye simu alitaka mtoto apewe jina la ugonjwa siku ile ile, kana kwamba jina lingemaliza kesi. Mimi sikutaka. Mtoto aliyeitwa mkaidi akabadilishiwa akaitwa mgonjwa amehamishwa chumba tu, hajafunguliwa mlango.

Kuna kisa kimoja ambacho kwangu kina uzito kuliko majina yote hayo. Katika jiji la New York kulikuwa na shule ya msingi iliyojengwa karibu na reli ya juu. Treni ilipita kila baada ya dakika nne na nusu hivi, na kila ilipopita mwalimu alinyamaza. Lakini ni madarasa ya upande mmoja tu yaliyoipata kelele hiyo yote, ya upande wa pili yalikuwa na utulivu. Mwanasaikolojia Arline Bronzaft, ambaye mwanafunzi wake wa chuo alikuwa na mtoto katika shule hiyo, alilinganisha matokeo ya kusoma ya pande mbili hizo, na mwaka 1975 akayatoa pamoja na mwenzake. Kufika darasa la sita, watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Hakuishia kwenye makaratasi. Alisumbua wakuu mpaka reli ikawekewa vipande vya mpira na madarasa yakawekewa dari za kumeza sauti. Aliporudi kupima tena, akatoa matokeo mwaka 1981, tofauti ilikuwa imekwisha.

Fikiria, msomaji, wale watoto wa upande wa reli kabla ya mpira kuwekwa. Hapana shaka walikuwamo walioandikiwa barua nyumbani. Walikuwamo wazazi walioinamisha vichwa. Kati ya mwaka 1975 na 1981 hakuna aliyewanyoosha, hakuna aliyewahubiria bidii wala utii. Kilichonyooshwa ni reli. Ujerumani nako, mwaka 1992 uwanja wa ndege wa München ulipohamishwa, watafiti waliokuwa wamejiandaa mapema waliona watoto walio karibu na uwanja wa zamani wakipata nafuu katika kusoma na kukumbuka, na walio karibu na uwanja mpya wakirudi nyuma. Kelele ilihama, na shida ikahama nayo kama mbuzi anayefuata majani.

Nikiutazama ushahidi huo najiuliza ni tabia ngapi za watoto tunazozihukumu ambazo kwa hakika ni tabia za majengo. Nilianza kazi mwaka 1976, na mwaka uliofuata ukaja mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto wakamiminika kuliko vyumba. Tulifundisha chini ya miembe. Kila mgeni alitusikitikia. Walakini nathubutu kusema kwamba chini ya mwembe sauti ya mwalimu ilifika mbali kuliko katika chumba cha kuta tupu na mabati yasiyo na dari, ambamo sauti ya kila mtoto hugonga ukuta ikarudi kumsumbua mwenzake, na mvua ikianza, somo limekwisha. Wanaoteuliwa kukagua shule huhesabu madawati na matundu ya vyoo. Sijapata kumwona mmoja amekaa dawati la nyuma, akafumba macho, akasikiliza.

Baba mkubwa alikuwa na hoja, wala sitaki kuipita kwa haraka. Hoja yake ni kwamba watoto wa zamani walipitia hayo yote wakatulia, na kwamba kujizuia hufundishwa. Na ana mashahidi, hata kama yeye hawajui. Kuna jaribio mashuhuri ambalo Walter Mischel na wenzake walilianzisha katika chuo kikuu cha Stanford miaka ya 1960: mtoto huwekewa kitu kitamu, huambiwa kwamba akingoja mpaka mtu mzima arudi atapewa viwili. Watafiti wakiongozwa na Bettina Lamm walilifanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa kabila la Nso nchini Kamerun. Matokeo yalitolewa katika miaka hii ya karibuni, na wazungu wengi yaliwashangaza: katika watoto wa Nso, karibu 7 katika kila 10 walingoja, na katika wa Ujerumani hawakufika 3. Basi si kweli kwamba mtoto mdogo hawezi kujizuia. Anaweza, tena mtoto wa shamba wa Kiafrika, aliyelelewa na mama asiyecheka na amri, anaweza kuliko yule aliyelelewa kwa kuulizwa anataka nini.

Nakubali. Lakini lipo jaribio lingine la aina hiyo, lililofanywa na Celeste Kidd na wenzake, likatolewa mwaka 2013. Kabla ya kungojeshwa, baadhi ya watoto walikutana na mtu mzima aliyewaahidi vitu vya kuchorea akavileta, na wengine wakakutana na aliyeahidi asilete. Wa kwanza walingoja wastani wa dakika 12. Wa pili hawakumaliza hata dakika 4. Kwa hiyo uwezo wa kungoja si mali ya mtoto peke yake. Nusu yake iko mikononi mwa mtu mzima. Mama wa Nso ni mkali, ndiyo, lakini ni yule yule leo na kesho, na mwanawe amelala mgongoni mwake tangu azaliwe. Nikamwambia baba mkubwa: ukali huo uko pamoja na mgongo. Ukichukua ukali ukaacha mgongo, ukampeleka mtoto wa miaka 7 kulala bwenini na wengine mia moja, chini ya taa isiyozimwa, kwa kengele na filimbi, hujamfanya kuwa mtoto wa Nso. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mimi nimezoea kushinda kwa maneno. Labda.

Sheria ya nchi inaweza kutusaidia kufikiri, ingawa iliandikwa kwa ajili ya makosa makubwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Adhabu ya Tanzania kinasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki isipokuwa ithibitike kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kufanya alilofanya. Angalia neno lililochaguliwa: kujua. Hakimu anaulizwa kama mtoto alijua. Haulizwi kama aliweza. Na sisi majumbani tunaihukumu kesi kwa njia hiyo hiyo. "Ulijua kwamba hairuhusiwi kusimama?" "Ndiyo." Kesi imekwisha. Lakini yule mtoto wetu anajua kanuni zote za darasa lake, alinisomea moja moja bila kukosea. Kujua anakujua. Kinachokosekana ni ile nafasi ndogo kati ya kujua na kutenda, nafasi ya kupumua mara moja, ambamo mtu hujikumbusha anachokijua. Kwa watu wazima wengi nafasi hiyo ni pana, ndiyo maana tunaisahau. Mpe mtu mzima meno yanayouma, chumba chenye mashine ya kusaga, na viatu vya namba ndogo, kisha mtazame adabu yake saa sita mchana.

Hapa ndipo nilipopatafuta pa kusimama. Kuna wanaosema kwamba ikiwa mtoto hakuweza, basi asidaiwe kitu. Sikubaliani nao, na nadhani wanamdhulumu mtoto kwa upande mwingine, maana asiyedaiwa kitu amekwisha kuhesabiwa kwamba si mtu. Lawama na madai si kitu kimoja. Lawama hutazama nyuma, hutafuta mwenye deni la jana. Madai hutazama mbele. Naweza kumwambia mtoto, "Nataka kesho uilete ndoo," nikamaanisha, na wakati huo huo nisimhesabie kosa kwa kutoileta leo. Ila nikidai, nami nimejitia deni: nimpe agizo moja badala ya manne, nizime redio, nimshike bega kabla sijasema. Nikishafanya hivyo mara nyingi, na njia iko wazi, na bado akanitazama machoni akakataa, hapo tumekutana na utashi wake, na hapo lawama inaweza kuanza kuwa halali. Watoto wana utashi, na utundu upo. Lakini ni wa mwisho kufikiwa, baada ya mengine kuondolewa, na sisi tumezoea kuanza nao. Kuanza nao ni rahisi, fimbo iko karibu kuliko fundi wa dari.

Tunasema pia kwamba sikio halipiti kichwa, na watoto huambiwa hivyo wanapojibizana na wakubwa. Katika cheo ni kweli. Katika safari ya habari sikio hufika kwanza, na kichwa hupokea kile ambacho sikio limekileta, katika hali lilivyokileta.

Kikao cha pili kiliamua kwamba habari ya bweni isubiri hadi mwisho wa mwaka. Mama wa mtoto alikata vitambulisho vya mashati yote kwa wembe, akafumua na uzi uliobaki. Asubuhi kabla ya shule mtoto hupewa kazi ya kujaza pipa la maji kwa ndoo ndogo, naye huipenda, akifika shuleni ameshachoka kwa namna inayofaa. Ndugu mmoja wa KCMC kule Moshi, ambako watu hufunzwa hiyo tiba kwa vitendo, alitushauri kwa simu mambo mawili matatu ya namna hiyo, bila kutupa jina la ugonjwa, na nilimshukuru kwa yote mawili. Mabadiliko yapo, si makubwa. Bado huimba mvua ikinyesha.

Mimi nilikwenda shuleni kuomba kiti. Mtoto alikuwa amekaa nyuma, chini ya dirisha linalopakana na mashine ya kusaga nafaka. Mwalimu wake ni binti wa umri wa wajukuu zangu, alinipa shikamoo na kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, yote uliyosema nayaona kila siku. Nina watoto 94. Mahali pa mbele, mbali na dirisha, ninaweza kuwaweka 12. Wanaohitaji kukaa hapo, nikiwahesabu kwa haki, hawapungui 30. Niambie wewe nimtoe nani."

Sikumwambia, na yeye hakungoja jibu. Kesho yake mtoto wetu alihamishiwa safu ya pili. Nilimuuliza jioni ni nani anayekaa sasa pale penye mashine. Alifikiri, akakunja uso, akasema hajui jina lake, ni mtoto mmoja ambaye huwa hasemi.